Tela la Futi Nne

Krrrrr-tak.

Tepu ya kupimia ilirudi kwenye ganda lake kwa kishindo kidogo, na gizani kishindo kidogo ni kikubwa. Nilibana pumzi. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja jioni, nami nilikuwa nimepiga magoti kitandani, simu nimeibana kwa kidevu ili inipe mwanga, nikimpima mwanangu aliyelala.

"Unamshonea nini tena huyo mtoto?" mama mkwe aliuliza kutoka sebuleni.

"Simshonei, mama. Napima usingizi."

"Haya. Ukimaliza njoo upime na wangu, naona umepungua."

Nilikuwa napima usingizi kweli. Mwanangu, ambaye nyumbani tulimwita Sisimizi kwa sababu hakuna mahali ungeficha sukari asifike, hulala kama chura aliyeangushwa: mkono huku, mguu kule, kichwa popote. Nilihitaji kujua mtu wa namna hiyo anataka nafasi kiasi gani. Nikajilaza kando yake kama tulivyolala kila siku, nikachomeka kibanio cha nguo kwenye shuka mwisho wa mkono wake, na kingine mgongoni mwangu. Kisha nikainuka polepole, nikapima kutoka kibanio hadi kibanio.

Futi nne kamili. Nikaandika kwenye daftari langu la masomo ya jioni: UPANA, FUTI NNE. Nikapiga mistari miwili chini, kama mwalimu anavyotaka jibu lipigiwe.

Nilikuwa najenga tela. Si la kubebea mchanga wala kuni. Tela la kulala watu.

Nieleze ilianzaje. Mume wangu ni mchimba visima. Yeye na wenzake wana mashine inayobebwa na lori, na kambi yao huhama kila maji yanapopatikana, au yanapokataa kupatikana. Hukaa huko wiki sita, anarudi nyumbani siku tano, anaondoka. Sisimizi alikuwa ametimiza miaka minne, na ukijumlisha siku zote alizowahi kukaa na baba yake, hazikufika miezi sita. Kwa hiyo hakumwita baba. Alimwita Mtu wa Buti, kwa sababu kila mara kitu cha kwanza kufika kwetu ni yale mabuti yake ya mpira, ambayo mama mkwe aliyapiga marufuku.

"Yaache huko huko getini," alikuwa akimpigia kelele mwanawe. "Yakiingia ndani, mimi natoka."

Siku ya pili tu ya likizo, Sisimizi angeninong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani: "Mama, Mtu wa Buti anaondoka lini?" Mume wangu angecheka, kisha angetoka nje kwenda kuosha mabuti ambayo alikwisha kuyaosha. Na usiku ndiyo kabisa. Akikanyaga tu chumbani, mtoto analia mpaka anakwama pumzi. Basi alikuwa anachukua mkeka wake, anakwenda kulala sebuleni.

"Nimezaa mwanamume mzima," mama mkwe alisema, "mjukuu wangu anamlaza sebuleni kama fundi bomba aliyekosa usafiri."

Tulicheka. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwishoni mwa mwaka, na siku moja aliniambia kwenye simu, sauti yake ikikatikakatika kwa upepo wa huko: "Nikisaini miaka mingine miwili, mtoto atakuwa na sita, na mimi bado ni Mtu wa Buti. Nisiposaini, kazi nyingine sina. Niambie wewe uliyesoma."

Mimi niliyesoma! Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya jioni, nakaa dawati moja na mlinzi wa benki anayesinzia kwenye kila somo isipokuwa hesabu. Nilimwuliza tu, kama mtu anayepapasa swichi gizani, kama sisi hatuwezi kwenda huko. Shule zikifungwa, angalau.

"Mkuu wa kambi haikatai familia," alisema. "Ila kila mtu aje na pake pa kulala. Kwenye mahema tuko wanane wanane. Hema likihamishwa, hata soksi ya mtu unaijua kwa jina."

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa kuchora ramani alituletea picha za vitu mbalimbali, tuchague kimoja tukichore kwa vipimo kamili. Wenzangu wakachagua kigoda, mlango, kabati. Mimi nikaona picha ya kijitela chenye umbo la tone la maji, mbele duara, nyuma kimeteremka. Ndani godoro tu. Nyuma kuna mfuniko unaoinuliwa, na chini yake jiko na rafu za vyombo. Kinavutwa na gari dogo. Nikaishika ile picha mpaka mwalimu akaniuliza kama nataka kuila.

Fremu ya chuma alinichomelea jirani yetu, Fundi Cheche, anayejulikana kwa mashati yake yenye matundu ya moto kama kichujio cha chai. Alitumia ekseli ya gari dogo lililokwisha kufa. Nilipomwonyesha mchoro wangu aliugeuza juu chini, chini juu.

"Shemeji, hili ni banda la kuku la kisasa?"

"Ni nyumba, fundi."

"Ya nani? Ya kobe?"

Lakini alichomelea vizuri, akapiga na rangi ya kuzuia kutu bila kuombwa.

Mbao nilifanya mwenyewe, uani, asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani. Ule mviringo ndio ulionitoa jasho. Mwalimu alinifundisha: unapigilia misumari kwenye plaiwudi pale mstari unapotakiwa kupita, unapindisha upapi mwembamba wa mbao ufuate misumari, kisha unapitisha penseli. Sisimizi alishika ncha moja ya upapi, bibi yake akashika ya pili, mimi nikatambaa katikati. Tulipoondoa upapi, lile tone lilikuwa pale, limelala chini, jembamba na safi. Mama mkwe alilitazama kwa muda.

"Kumbe shule si kupoteza muda," alisema. Kwa mwanamke yule, hiyo ni hotuba.

Nilikata mbavu mbili, yaani kuta za pembeni, kwa pamoja, moja juu ya nyingine, ziwe pacha. Paa lilinishinda mara ya kwanza. Nililazimisha plaiwudi nyembamba ipinde ikiwa kavu, ikapasuka "pwaa!" na Sisimizi akapiga makofi akidhani ndivyo inavyotakiwa. Mara ya pili niliifunika mataulo yaliyochovywa maji ya moto, nikaisubiri kama unavyosubiri mtoto mkaidi apoe. Ikapinda. Nikapaka gundi, nikakaza skrubu, nikapiga silikoni kwenye viungo vyote. Ndani, upande wa miguu, juu kidogo ya magoti ya mtu aliyelala, nikaweka rafu pana ya nguo kutoka ubavu hadi ubavu. Nikashona pazia la dirisha na mfuko wa godoro la sponji. Kila kipimo nilikihakiki mara mbili kabla ya kukata.

Mume wangu hakuambiwa. Alijua najenga "kitu cha shule".

Alifika Jumamosi mchana na pikapu ya kampuni, maana safari hiyo alitumwa pia kuchukua vipuri mjini. Alivua mabuti getini, akaingia uani pekupeku, akasimama. Tela lilikuwa katikati ya uwanja, limepakwa vanishi, linang'aa kama limelambwa. Alilizunguka mara moja. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, pale nilipopiga msasa mpaka vidole vyangu vikawa laini kama vya mtoto. Akafungua mfuniko wa nyuma, akaufunga, akaufungua tena.

"Nani kakujengea?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mama yako, na huyu mtu wa miaka minne."

Akaketi kwenye ndoo. Nikamwambia yote: kwamba shule zimefungwa, kwamba pikapu aliyokuja nayo inaweza kulivuta, kwamba likizo nzima tutakuwa naye, kambi ikihama tunahama. Alinisikiliza akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anatabasamu kama mjinga. Sijui kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule bwana juu ya ndoo.

"Hebu laleni tuone," mama mkwe alisema.

Nikaingia, nikalala upande wangu. Sisimizi akarukia ndani, akajitupa kama chura, mkono huku, mguu kule. Kidole chake kikagusa ubavu mmoja wa tela, mgongo wangu ukagusa mwingine. Ilitosha! Hata unywele usingeingia. Nilianza kucheka kwa furaha, kisha nikamwona mume wangu mlangoni. Alikuwa ameingiza mguu mmoja, anatafuta pa kuweka wa pili.

Hakupapata. Mtoto akaanza kukunja uso, naye akautoa mguu haraka.

"Umepima vizuri sana," alisema. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniua. "Umepima waliokuwepo."

Nilibaki nimelala, natazama paa langu lililopinda bila kupasuka. Vibanio viwili vya nguo. Kimoja kwenye mkono wa mtoto, kimoja mgongoni mwangu. Nilihakiki kila kipimo mara mbili, na mara zote mbili nikamsahau mtu ambaye kazi yote ilikuwa kwa ajili yake.

"Naweza kulipanua," nilisema, ingawa nilijua siwezi. Fremu ilikwisha kuchomelewa, mbavu zilikwisha kukatwa, na mbao iliyokatwa hairefushwi kwa machozi.

"Usijisumbue. Nitatandika mkeka nje. Nimezoea."

"Umezoea!" mama yake akafoka. "Na wewe mwanangu, mazoea gani hayo? Huyu kapima kitanda kama kilivyo. Nawe umekiacha kiwe hivyo, kila ukija unabeba mkeka kama unaomba radhi. Mtoto wa miaka minne amekufukuza, nawe unamwambia asante."

Mume wangu alikwenda kwenye pikapu kufungua vipuri ambavyo havikuhitaji kufunguliwa. Mimi nilikwenda jikoni, nikaweka maji ya chai, nikasahau kuweka majani. Tulikunywa maji ya moto, sote watatu, na hakuna aliyelalamika.

Ilipita kama nusu saa ndipo mama mkwe akauliza, "Sisimizi yuko wapi?"

Chumbani hayupo. Chini ya meza hayupo. Geti limefungwa. Nilianza kuita, sauti inapanda. Mume wangu alikuwa wa kwanza kufika kwenye tela. Aliinama mlangoni, akanipungia mkono nije taratibu.

Godoro lilikuwa tupu. Ila juu ya rafu ya nguo, upande wa miguu, mwanangu alikuwa amejipanga kwa upande, kichwa kwenye ubavu mmoja, visigino karibu na mwingine, kama mkate ndani ya chombo chake. Alikuwa anamchungulia baba yake kwa jicho moja.

"Umepandaje huko?" niliuliza.

"Na miguu."

"Unafanya nini?"

"Nimejificha. Mtu wa Buti asinione."

Nikaona macho ya mume wangu yanahama kutoka kwa mtoto hadi kwenye rafu, kutoka rafu hadi kwenye godoro tupu lililo chini, hadi kwangu. Nilikuwa nimeshaona. Nilitoa tepu mfukoni. Krrrrr. Sisimizi, kutoka utosi hadi kisigino: futi tatu na inchi nne. Rafu, ubavu hadi ubavu: futi nne.

"Tak," alisema Sisimizi, maana tepu hii anaijua.

"Haitambeba," nilisema. "Nimeifunga kwa skrubu sita tu. Ni ya nguo."

"Basi tuifunge iwe ya mtu," alisema mume wangu.

Tulikuwa na siku nne. Tulishusha rafu, tukaweka mihimili mitatu ya mbao ngumu chini yake, tukaikaza kwenye mbavu kwa gundi na skrubu ndefu. Tuliongeza kizuizi mbele asidondoke, na vishikio viwili vya kupandia. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi na mume wangu. Niligundua anapiga mluzi akipima, na kwamba akikosea humsingizia msumeno. Yeye aligundua mimi huongea na mbao.

"Umeiambia nini hiyo?"

"Nimeiambia isinitie aibu mbele ya watu."

Sisimizi alipewa kopo la skrubu. Siku ya kwanza alikuwa akichukua moja, anaitupa chini karibu na mume wangu, anarudi mbio nyuma yangu. Siku ya pili aliziweka juu ya ubao, zimepangwa mstari. Siku ya tatu mume wangu alinyoosha mkono bila kumtazama, kama mafundi wanavyofanya, na nikaona kile kiganja kidogo kinasitasita hewani. Kisha skrubu ikatua. Hakugeuka. Aliikaza, akanyoosha mkono tena.

Fundi Cheche alikuja kuona, akatukuta tumeweka mfuko mzima wa simenti juu ya kitanda kile tukisikiliza kama kitalia.

"Mtoto mwenyewe ana kilo kumi na tano," alisema. "Mnangojea anenepe?"

Sisimizi alipanda kukagua. Aligonga mbao kwa ngumi.

"Ni chumba changu?"

"Chako," nilisema.

"Mtu wa Buti haingii?"

Nilitaka kujibu, lakini mume wangu akanitangulia. "Haingii. Hata akitaka, hatoshi."

Akafikiri. "Na bibi?"

"Bibi naye hatoshi."

"Sawa."

Mchana alikuwa anacheza humo, lakini usiku ulipofika alirudi kitandani kwangu kama kawaida, na mkeka ukarudi sebuleni kama kawaida. Kila jioni nilimwomba ajaribu kulala kwenye chumba chake kipya. Kila jioni alisema, "Kesho." Mpaka kesho zikaisha.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya sita. Mama mkwe alikataa kuja, alisema yeye na mabuti hawawezi kugawana eka moja. Tela lilifuata nyuma ya pikapu likitikisa mkia barabara nzima, na mimi nilisafiri shingo imegeuka nyuma, nikisubiri kitu kidondoke. Hakikudondoka kitu. Nilipogeuka kwa mara ya mia ndipo nikaona, kati ya vipuri na dumu la maji, mkeka umefungwa kwa kamba.

"Nimeuweka tu," mume wangu alisema, macho barabarani. "Akilia, nitatoka."

Kambi ilikuwa kwenye uwanja mpana wenye majani makavu. Wenzake walikuja kulitazama tela, wakalizunguka, wakafungua mfuniko wa nyuma na kuufunga. Mmoja akauliza kama napokea oda. Mkuu wa kambi alichuchumaa, akachungulia chini kwenye ekseli, akasema, "Hili litahama na sisi," na kwangu hicho kilikuwa cheti. Nilipika kwenye jiko langu la nyuma, chini ya mfuniko ulioinuliwa. Jua likazama. Mashine ikazimwa, na kimya kikaja ghafla, kizito kama blanketi.

Nilimwosha Sisimizi uso na miguu. Alipanda kwa vishikio vyake mwenyewe, akajilaza kwa upande. Nikavuta shuka lake. Alinitazama tu.

Mume wangu alivua mabuti, akayasukuma mbali nje kadiri mkono wake ulivyofika. Aliingia kwa magoti, taratibu, kama mtu anayeingia mahali pa ibada. Alilala chali upande wake. Nililala upande wangu. Miguu yetu minne ilipita chini ya kitanda cha mtoto. Futi nne zilitutosha, bega kwa bega. Nilizima taa. Mlango tuliuacha wazi kidogo, na kupitia pale niliweza kuona ncha ya mkeka, ameuegemeza kwenye gurudumu.

Nilisubiri. Nilizijua hatua zote za kile kilio: kwanza pua, kisha kikohozi kidogo cha uongo, kisha mvua yenyewe. Mkono wa mume wangu ulikuwa umekamata ukingo wa mlango, tayari kujivuta. Sikumwambia asiende, wala sikumwambia abaki. Nilishika mkono wake wa pili tu.

Pua ikavuta. Ikavuta tena, kwa nguvu, mara mbili.

Mbao zikalia kidogo juu yetu. Mume wangu akaanza kuinuka. Kisha, kutoka kwenye ukingo wa rafu yangu ya nguo, kichwa kidogo kikaning'inia, juu chini, nywele zote zimesimama, kikatutazama kwa zamu, mimi, yeye, na zile nyayo mbili kubwa zilizokuwa chini ya pua yake.

"Baba, miguu yako inanuka."